Watu wa forensiki hufanya nini?

Swali: Duka la jirani yangu hapa Kidahwe lilivunjwa usiku. Polisi walituzuia kuingia hadi "watu wa forensiki" wafike. Hao hufanya nini?

Jibu: Ndugu msomaji, forensiki ni uchunguzi wa kisayansi wa kutafuta ushahidi utakaosimama mahakamani. Wataalamu huchukua alama za vidole kwenye kitasa au kioo, hupiga picha nyayo, kisha hufunga kila kielelezo peke yake kwa lakiri. Damu au mate hupimwa vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kazi iliyotungiwa sheria mwaka 2009. Kielelezo kilichoshikwashikwa hupoteza nguvu. Basi mkivunjiwa, msifagie wala kugusa kitu. Lindeni mlango, pigeni 112, msubiri.