Ufunguo wa Jedwali: Mtu Mmoja, Namba Moja

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari wilayani Temeke yenye wanafunzi wawili ambao majina yao yote matatu yanafanana. Alama zikiandikwa kwa majina tu, za mmoja zaweza kuingia kwa mwenzake, na kosa hilo likamnyima mtoto nafasi ya kuendelea na masomo. Kwa sababu hiyo kila mstari wa jedwali katika kompyuta huhitaji ufunguo, yaani thamani isiyojirudia, isiyokosekana, na isiyobadilika. Misingi ya majedwali yanayohusiana ilielezwa na E. F. Codd wa kampuni ya IBM katika makala yake ya mwaka 1970.

Ufunguo upi wafaa?

Wengine hutunga namba yenye wilaya ndani yake, kama TMK-0145. Hapo pana hatari. Katika miaka ya 2015 na 2016 Kigamboni ilitengwa na Temeke, na Ubungo ikatengwa na Kinondoni. Shule zilizokuwa Temeke zikawa Kigamboni bila kuhama hata hatua moja. Ufunguo ukibadilishwa, kila jedwali linaloutaja, liwe la alama, la mahudhurio au la maktaba, halina budi kurekebishwa.

Namba ya NIDA je? Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Haikusudiwi kujirudia, lakini kuihifadhi kuna mtego. Namba kamili ya biti 64, ambayo ni baiti 8, huishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. Programu ya Excel nayo hutunza tarakimu 15 tu za namba, na zinazosalia huzigeuza kuwa sifuri. Hivyo watu wawili waweza kuonekana mmoja. Basi namba ya NIDA ihifadhiwe kama maandishi ya baiti 20.

Njia iliyo salama ni hii: kila mwanafunzi apewe namba ya mfuatano isiyo na maana yoyote, nayo iwe ufunguo. Wilaya na namba ya NIDA ziwe safu za kawaida, na safu ya NIDA iwekewe sharti la kutojirudia.

Zoezi

Biti 64 zote zikitumika bila alama ya hasi, huhesabu hadi pungufu ya 2 kwa kipeo cha 64 kwa 1. Ukijua kuwa logi ya 2 ni 0.3010, onyesha kwamba hata hizo hazitoshi kwa namba ya NIDA ya mtu aliyezaliwa mwaka 1990.