Muwati wa Dhahabu

Katika nchi ya Australia, upande wa kusini-mashariki, huota mti mdogo uitwao muwati wa dhahabu. Wenye elimu ya mimea huuita Acacia pycnantha, na neno la pili maana yake ni maua yaliyosongamana. Kimo chake hupata meta 3 hata 8. Ni ndugu ya miwati ipandwayo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania kwa ajili ya magome na kuni, nayo pia asili yake ni Australia.

Mtu autazamaye mti huu mara ya kwanza husema kwamba majani yake ni marefu, yamepindika kama mundu. Lakini yale si majani. Shahidi wake ni mche mchanga. Mbegu ikiota, mche hutoa kwanza majani ya kweli, yaliyogawanyika vijani vidogo vidogo kama unyoya wa ndege. Siku zikipita, kikonyo cha kila jani jipya hutanuka na kuwa bapa, na vile vijani hupungua, hata mwisho hubaki kikonyo peke yake. Basi kikonyo hicho ndicho kifanyacho kazi yote ya jani. Tena ni kigumu, wala hakipotezi maji upesi. Kwa hiyo mti huweza kustahimili kiangazi.

Majira ya baridi yakiisha, katika mwezi wa Agosti na Septemba, mti hufunikwa na vidonge vya njano vyenye harufu nzuri. Hapo tena jicho hudanganyika. Kila kidonge si ua moja, bali ni maua 40 au zaidi yaliyokaa pamoja. Petali zake ni ndogo mno. Ile njano tuionayo ni nyuzi nyingi zichukuazo chavua. Maua hayo hayana maji matamu. Maji matamu hutoka katika kitundu kidogo kilicho ukingoni mwa kikonyo, karibu na shina lake. Ndege wadogo huja kuyanywa, nao wakigusa maua huchukua chavua mti hata mti.

Muwati ni wa jamii ya kunde, nao huzaa maganda kama ya maharagwe. Mbegu zake ni nyeusi na ngumu, na kila moja ina kijinofu chenye mafuta. Sisimizi hukipenda sana. Huchukua mbegu mpaka shimoni mwao, wakala kijinofu, wakaiacha mbegu salama udongoni. Huko yaweza kulala miaka mingi. Moto wa nyika ukipita, mti mzazi huenda ukafa, lakini joto hupasua ganda gumu la mbegu, na mvua ikinyesha miche mipya huchipuka.

Watu wa Australia waliupenda mti huu hata tarehe 1 Septemba 1988 ua lake likatangazwa kuwa ua la taifa. Lakini katika karne ya 19 ulipelekwa Afrika ya Kusini, ili uzuie mchanga usipeperushwe, na magome yake yatumike kutengenezea ngozi. Huko haukuwakuta wadudu wanaoupunguza kwao. Ukaenea, ukaisonga mimea ya asili. Mwaka 1987 waliletwa nyigu wadogo kutoka Australia, ambao hutaga mayai katika matumba ya maua. Badala ya ua hutokea uvimbe, na mbegu hupungua. Mti ni ule ule: kwao ni pambo, ugenini ni magugu. Apandaye mti mgeni na aulize kwanza ni nani auzuiaye kwao.

MASWALI

1. Mche mchanga wa muwati hutuonyesha nini juu ya majani yake?
2. Ndege na sisimizi huusaidiaje mti huu?
3. Kwa nini muwati ulienea mno Afrika ya Kusini?
4. Tafuta mti mmoja karibu na shule. Chunguza kikonyo, jani na ua lake, kisha uvichore.