Gugu Karoti: Litambue, Ling'oe Kabla Halijachanua

Gugu karoti, ambalo kitaalamu huitwa Parthenium hysterophorus, asili yake ni Amerika ya kitropiki. Hapa Tanzania limejulikana zaidi mkoani Arusha, kandokando ya barabara na katika viwanja visivyolimwa, ambako huingia nyikani na kuzisonga nyasi za asili. Mizizi na majani yake hutoa kemikali zinazodumaza mimea ya jirani.

Likiwa changa, majani yake yaliyochanikachanika kama ya karoti hutanda chini kwa duara. Baadaye huinuka shina lenye mifereji na vinyweleo, linaloweza kufikia mita 2, na kilele chake hujaa vichwa vidogo vya maua meupe. Maua hayo hupendeza, na wapo wanaoyachuma kupambia nyumba. Tunawasihi waache. Kuligusa gugu hili mara kwa mara huweza kuleta muwasho na vipele vigumu kupona, na chavua yake huamsha pumu. Ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu.

Mmea mmoja huweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000, nao huweza kuanza kuchanua wiki 4 hadi 6 tu baada ya kuota. Kwa hiyo muda wa kuling'oa ni mfupi: mara baada ya mvua, udongo ukiwa laini, pamoja na mzizi wake. Kufyeka hakutoshi, kwani huchipua upya. Vaa glavu na nguo za mikono mirefu, funika pua na mdomo, wala usiwaachie watoto kazi hiyo. Lililokwisha kuchanua litie mfukoni palepale, usiliburute. Kamwe usilitupe kwenye mboji. Rudia ukaguzi kila msimu, maana mbegu hudumu ardhini kwa miaka.

Mbegu hizo husafiri pia ndani ya bidhaa. Unaponunua samadi, mchanga au marobota ya nyasi, muulize muuzaji vimetoka wapi, kisha chunguza pale ulipovishusha baada ya mvua za kwanza.

Kuhusu viuagugu, ushauri wetu ni kutanguliza mkono, kwa kuwa dawa ikinyunyizwa ovyo nyikani huua na mimea tunayotaka kuiokoa. Ukilazimika, nunua katika duka la pembejeo lenye kibali, chombo kikiwa na lakiri na kibandiko chenye namba ya usajili. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji ikatae, hata ukipunguziwa bei.