Yatima wa Wazazi Wawili kwa Mkono Mmoja



Januari mwaka 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi, na wengine Mombasa, kulalamikia kuuawa kwa wanawake. Malalamiko yale ni haki. Lakini iko haki nyingine ambayo wengi huipita, nayo ni ya mtoto aliyebaki.

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, ambako wamo pia jamaa zetu waliotoka pwani kutafuta riziki, nyumba nyingi ni chumba kimoja cha kupanga, na pazia ndilo linalotenga wazee na watoto. Mume akimuua mkewe humo, mtoto haletewi habari. Ameona au amesikia. Mama yu kaburini, baba yu gerezani au amekimbia, na kodi ya chumba yadaiwa.

Baadaye mtoto huyo hushtuka usingizini, hukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, hunyamaza siku nzima au hupigana na wenziwe. Watu husema ni mtundu, au ana shetani. Sivyo, ana jeraha. Na wako wanaojilaumu: lau nalipiga kelele, mama asingekufa.

Yatupasa nini? Kwanza, malezi. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi, mama akiwa hayupo, humtanguliza mama yake mzaa mama. Basi watoto wasigawanywe kama vyombo vya maiti, huyu kwa ami na huyu kwa khalati. Wala wasipelekwe nyumba ambayo marehemu atatukanwa humo ili muuaji apate udhuru.

Pili, mali. Muuaji hamrithi aliyemuua. Mahari asiyoilipa ni deni juu yake, nalo ni katika urithi wa marehemu. Cherehani yake, akiba yake ya chama na bidhaa za genge lake ni za warithi wake, na watoto wamo. Mwenye shaka na aende kwa Kadhi. Suratun-Nisaa imewaonya vikali walao mali ya yatima.

Tatu, ukweli. Mtoto asiambiwe kuwa mama amesafiri. Uwongo huo ataujua, na hatatuamini tena. Aambiwe kwa maneno ya umri wake, aachwe amtaje mama yake na amlilie, wala asilazimishwe kumzuru baba kabla hajataka mwenyewe. Mwalimu wake ajulishwe. Na simu ya watoto, nambari 116, haina malipo.

Ama sisi wazee tunaosuluhisha, tusimrudishe mwanamke aliyepigwa kwa neno la subira tu. Subira si kungojea kuuawa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 yampa mahakimu uwezo wa kumzuia mpigaji asiikaribie nyumba. Na jirani asikiaye kilio nyuma ya bati asiseme ni mambo ya watu. Nyuma ya pazia lile yumo mtoto, naye yu macho.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe walinzi wa mayatima. Amin.