Kuchoka Safarini Siyo Mazoezi

Hapa Kimuli na vijiji vya jirani wamo akina baba na vijana wengi ambao riziki yao iko barabarani. Yupo anayeendesha lori la kahawa, yupo utingo wake, yupo anayepeleka maharage na ndizi Bukoba au Mwanza kila wiki. Mwezi huu tuzungumze habari za miili yao. Nanyi akina mama mnaofungasha mizigo ya safari, msifunge ukurasa.

Alikuja kwetu dereva mmoja, umri wake miaka 46. Kichwa kilimwuma, na miguu ilivimba kila arudipo safari. Tulipompima tulikuta shinikizo la damu 190 kwa 110. Nilipomwambia afanye mazoezi alishangaa. "Sista," alisema (wengi hutuita hivyo hata sisi tusio watawa), "mimi nafanya kazi kutwa kucha. Nikifika nyumbani hata kijiko kizito. Mazoezi gani tena?"

Wengi hufikiri hivyo. Usukani, vumbi na kukosa usingizi huchosha kweli, lakini moyo na misuli havikufanya kazi yake. Misuli ya nyuma ya mguu ndiyo inayosaidia kusukuma damu irudi juu kwenye moyo. Ukikaa saa nyingi bila kuitumia, damu hutuama miguuni, na ndiyo maana viatu vinabana jioni. Mara chache damu hiyo huganda ndani ya mshipa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu maradufu, ingawa kwa mtu mzima wa afya bado ni ndogo. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, usiuchue kwa mafuta, njoo hospitali. Ukibanwa pumzi au kifua kikauma ghafla, usisubiri hata kuche.

Basi kila baada ya saa 2 simamisha gari. Unapokagua tairi, lizunguke lori mara 10 kwa mwendo wa haraka. Abiria wa basi naye anaweza kupandisha na kushusha visigino akiwa amekaa kitini. Mtu mzima anahitaji walau dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa juma, nazo zinaweza kupatikana kidogo kidogo, Kyaka, Biharamulo, popote gari linaposimama.

Sasa chakula. Yule dereva alikuwa anashinda na soda mbili, kisha usiku anakula sahani kubwa ya chipsi na nyama, analala papo hapo. Chupa moja ya soda ina sukari ipatayo vijiko vya chai 8 au 9. Hakuna mama hapa kwetu atakayemtilia mumewe vijiko 9 katika kikombe cha chai, lakini dukani tunanunua na kuomba iwe baridi!

Nyumbani tuna vitu bora kuliko vya stendi. Ndizi na maharage vikitiwa kwenye hotipoti vikiwa vya moto kabisa vitamfaa kwa mlo wa mchana. Visingoje jioni, kwani chakula kilichopoa huharibika upesi. Kwa baadaye mfungie karanga, ndizi mbivu, na parachichi ambalo halijakatwa. Chumvi ipungue. Usisahau sabuni ya kunawia mikono.

Na maji. Wapo wanaojinyima maji ili wasihangaike kutafuta choo. Hao huja kwetu na choo kigumu, na wengine na mawe kwenye figo. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni vidonge. Dereva yule alikuwa amewahi kupewa dawa ya shinikizo inayoongeza mkojo, akawa anaiacha kila siku ya safari. Katika juma la siku 7 alikuwa anaimeza siku 2 tu. Hakutuambia, nasi hatukumwuliza, kosa ni letu sote. Usiache dawa, sema na mganga wako, naye atakupangia saa inayofaa au dawa nyingine. Mwenye kisukari anayechoma sindano au kumeza vidonge vinavyoshusha sukari asipitishe mlo hata gari likiharibika njiani. Awe na sukari au biskuti mfukoni, na utingo wake aelezwe kwamba bosi akianza kutetemeka, kutoka jasho na kusema ovyo, hajalewa: apewe sukari mara moja.

Dereva wetu alirudi baada ya miezi 2, shinikizo 148 kwa 92. Bado liko juu, na dawa anaendelea nazo. Anasema watingo wenzake wanamcheka anapozunguka lori, ila mmoja ameanza kumfuata.