Ganzi ya Miguu, Daktari Akaangalia Jicho



Katika mkutano wetu wa Bwera mzee mmoja, mpakiaji wa magunia, aliuliza swali lililowafanya watu wacheke. Alisema: "Mimi nilikwenda kwa daktari kwa sababu ya miguu. Yeye akanifungua jicho akaligusa na pamba. Je, daktari huyo amesoma?" Tukacheka sote, lakini mimi sikuweza kumjibu. Nimesoma shule ya msingi tu, na mambo ya daktari si kazi yangu. Basi nikaenda nikauliza kwa wanaojua, nikasoma, na somo la leo ndilo jibu langu. Mzee wangu, daktari wako amesoma.

Tuanze na mishipa ya fahamu. Hii ndiyo inayopeleka habari kutoka mkononi, mguuni na usoni mpaka kwenye ubongo. Ndani yake mna nyuzi nene na nyuzi nyembamba. Nyuzi nene huendesha nguvu ya misuli na kutambua mguso. Nyuzi nyembamba hupeleka habari ya joto, baridi na maumivu. Katika magonjwa mengi zile nyembamba ndizo zinazoanza kufa. Mtu huanza kusikia miguu inawaka moto usiku, au anasikia kama anakanyaga pamba, halafu ganzi inapanda polepole.

Hapa ndipo mfanyakazi anapopata shida. Hospitali kubwa zina kipimo cha umeme cha mishipa, lakini kipimo hicho husoma nyuzi nene tu. Mtu ambaye nyuzi zake nyembamba zimekufa anaweza kupimwa akaambiwa yu mzima. Anarudi kazini na karatasi inayosema hana kitu, na msimamizi anamwita mvivu.

Namfahamu mwenzetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya pamba. Sitataja jina lake wala kiwanda. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akisema vidole vyake viwili vimekufa ganzi, na jibu lilikuwa ni vidonge vya kutuliza maumivu. Siku moja alishika bomba la moto akaendelea kulishika, maana hakusikia. Aliyeona kwanza ni mwenzake, kwa harufu. Kampuni ikasema ni uzembe wake mwenyewe. Jambo hili nitalirudia.

Sasa, kwa nini jicho? Mbele ya jicho kuna ngozi angavu kama kioo, nayo huitwa konea. Unene wake ni kama nusu milimita. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana ni safi kabisa, lakini nyuzi za fahamu zimejaa humo kuliko karibu mahali pengine popote mwilini. Chembe ya vumbi ikiingia unajua mara moja. Nyuzi hizo ni za aina ile ile nyembamba. Nyuzi za mguuni zimefunikwa na ngozi na nyama, na ili kuzihesabu inabidi kukata kipande kidogo cha ngozi kupeleka maabara. Kwenye konea mwanga unapita, kwa hiyo unaweza kuziona zikiwa hai bila kukata mtu.

Chombo kinachofanya kazi hiyo ni hadubini ya namna ya pekee. Mwanzo wake ni Mmarekani Marvin Minsky, ambaye mwaka 1957 aliomba hati ya ubunifu wake. Yeye alitaka kuona jinsi mishipa ya ubongo inavyoungana. Shida ya hadubini ya kawaida ni kwamba inaonyesha tabaka zote kwa pamoja, kama mtu anayeangalia mashuka kumi yaliyopangwa. Minsky alipitisha mwanga kwenye kitundu kidogo sana, ili mwanga unaotoka kwenye tabaka moja tu ndio upite, na mwingine uzuiwe. Siku hizi mashine za macho hutumia mwanga wa leza kwa njia hiyo.

Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi jichoni, anaweka kidevu mahali pake na kuangalia taa. Kofia ndogo ya chombo inagusa konea ikiwa na mafuta ya kulainisha. Dakika chache tu, kazi imekwisha. Kila picha ni ya eneo dogo mno, hata nusu milimita kwa nusu milimita halifiki. Waliozoea pamba wataelewa haraka: picha hiyo ni kama nyuzi nyeupe za pamba zilizolazwa juu ya kitambaa cheusi. Kwa mtu mzima wa afya, nyuzi ni nyingi, ndefu, zenye matawi. Kwa mgonjwa zimepungua, nyingine zimekatika. Mtaalamu huhesabu nyuzi, huhesabu matawi, hupima urefu. Huangalia pia chembe za ulinzi wa mwili zilizokusanyika hapo, maana zikizidi ni dalili kwamba kuna vita ndani.

Dokta Rayaz Malik, aliyekuwa Manchester nchini Uingereza na baadaye akaenda Doha kule Qatar (huko wanakokwenda vijana wetu wengi kutafuta kazi), ni mmoja wa walioonyesha, kuanzia miaka ya 2000, kwamba nyuzi za konea hupungua kwa wagonjwa wa kisukari wenye ganzi ya miguu. Baada ya hapo wachunguzi wameangalia magonjwa ambayo mwili unajichoma wenyewe kwa muda mrefu. Mojawapo ni baridi yabisi, ile ya kuvimba viungo vya pande zote mbili mpaka asubuhi vidole havikunjiki. Ugonjwa mwingine ni ule wa kinga ya mwili kuushambulia utando wa mishipa ya fahamu yenyewe. Huko pia wameona nyuzi za konea zimepungua.

Mashine hiyo ni ghali, nayo hukaa zaidi katika hospitali za utafiti. Sisemi mtu auze shamba akaitafute. Lakini kuna ugonjwa ambao sisi watu wa Kasese tunaujua kuliko hao wenye mashine, nao unafundisha jambo lile lile: ukoma.

Hospitali ya Kagando, pale Kisinga unapotoka Kasese kwenda Bwera, ilianza kama kituo cha wagonjwa wa ukoma. Wazee wanaikumbuka hivyo mpaka leo. Wengi hufikiri ukoma unakula vidole. Si kweli. Mdudu wake, aliyetambuliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, na huingia ndani ya mishipa ya fahamu. Mwili unapopigana naye, mishipa inavimba na kufa. Vidole vinapotea baadaye, kwa kuungua na kukatwa bila kusikia.

Na jicho halibaki salama. Mshipa wa usoni ukidhoofika, kope hazifungi. Mshipa wa konea ukifa, mtu hasikii vumbi, hapepesi, na konea inakwaruzwa mpaka anakuwa kipofu. Kwa wagonjwa wengine daktari anayetumia hadubini ya kawaida ya macho huona nyuzi za konea zimefanya vifundo vidogo kama shanga kwenye uzi. Madaktari wa ukoma walikuwa wanasoma mishipa kwenye jicho kabla mashine ya leza haijazaliwa.

Ndiyo maana ya ile pamba, mzee wangu. Muuguzi au daktari aliyefundishwa husokota ncha ya pamba safi na kuigusisha konea kutoka upande. Mtu mwenye fahamu hupepesa hapo hapo. Asiyepepesa ana jambo. Msijaribu nyumbani, mtaumizana. Cha nyumbani ni hiki: mwambie mwenzako afunge macho taratibu kama anayelala, uangalie kama panabaki ufa. Halafu, macho yakiwa yamefungwa, mguse kidogo kwa ncha ya kalamu ya bairo kwenye kiganja na kwenye unyayo, naye aonyeshe kwa kidole mahali ulipogusa. Akikosa, aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Nasema wiki hiyo kwa sababu ganzi ina saa yake. Kwa ukoma, ganzi isiyozidi miezi 6 mara nyingi hurudi nyuma mgonjwa akipewa dawa ya kutuliza uvimbe wa mishipa. Ikikaa zaidi, matumaini yanapungua. Dawa za kuua mdudu mwenyewe humezwa miezi 6 au 12 na hutolewa bure. Kwa wanaomeza dawa za kifua kikuu, waulize juu ya vitamini B6, maana dawa mojawapo huleta ganzi na vitamini hiyo huizuia.

Sasa nirudi kwa mwenzetu wa pamba. Picha ya jicho au kipimo cha pamba hakisemi ugonjwa umetoka wapi, wala hakimtaji mwajiri. Tusidanganyane hapo. Ukoma na baridi yabisi havikuletwa na kampuni. Lakini kuungua kulitokea kazini, na Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema fidia hulipwa hata kama mfanyakazi mwenyewe alizembea. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Kwa hiyo usikubali kuondoka zahanati na neno la mdomo. Omba liandikwe kwenye kitabu: ganzi ilianza lini, kidole gani, kipimo gani kimefanywa. Yeye alikuwa amelalamika mwaka mzima na hakukuwa na mstari hata mmoja ulioandikwa. Ndiyo iliyotuchelewesha.

Mwishowe alipimwa vizuri, akatibiwa. Kidole kimoja kimerudi kusikia, cha pili hapana. Sasa yuko kwenye mizani ya kupimia magunia, na vyuma vyote vya moto pale amevifunga vitambaa vyekundu kwa mkono wake.