Darsa ya Ramadhani, siku ya 18: Saa kumi alfajiri



Jana baada ya tarawehe mama mmoja aliniuliza: waliokufa kwenye tsunami, walimkosea nini Mwenyezi Mungu?

Tuanze na tukio lenyewe. Jumapili, Desemba 26, 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu (muda ambao leo tunakula daku), ardhi ilitikisika chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Kule bamba moja la ardhi linazama chini ya jingine, sentimita chache kwa mwaka. Yakikwama muda mrefu halafu yakaachia ghafla, sakafu ya bahari inanyanyuka, na maji yaliyo juu yake yananyanyuka nayo. Volkano za Indonesia zinatokana na kuzama huko huko. Ol Doinyo Lengai yetu ni habari nyingine: ni ya Bonde la Ufa, ardhi inapopanuka. Majivu ya volkano za kule ndiyo yamerutubisha nyanda za Serengeti wanakozalia nyumbu.

Walikufa zaidi ya watu 200,000. Maji yalifika pwani yetu mchana, saa nyingi baadaye, na Watanzania wasiopungua 10 wakafa. Kenya waliwaondoa watu fukweni baada ya kupata habari, alikufa mmoja.

Sasa sikia ya kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na kitovu. Maji yaliwafikia kwa dakika chache tu. Lakini tangu janga la 1907 wazee walikuwa wakiwasimulia watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbia mlimani, usisubiri. Katika watu zaidi ya 70,000, walikufa saba. Hawakungoja simu wala redio.

Nikamjibu yule mama: sisi si mahakimu wa waliokufa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu aliyekufa maji anahesabiwa miongoni mwa mashahidi. Na tusijigambe kwa ule msikiti wa Lampuuk, Aceh, uliobaki umesimama peke yake. Ipo misikiti mingine kule iliyoanguka.

Swali linalotuhusu sisi ni la kufikisha habari. Kwenye magrupu tunasambaza video kutwa, ila mto ukijaa au daraja likikatika, jirani anaambiwa na nani? Leo wakati wa futari waulizeni wazee: mafuriko makubwa ya hapa kwetu maji yalifika wapi? Watoto wakae wasikilize.

Wabillahi tawfiq.